Muulize Muuguzi: Simu inasema papa amepona tansio

*Jambo Mama muuguzi. Mume wangu anakunywa dawa za tansio (shinikizo la damu) tangu mwaka jana. Kijana wetu amemwekea programu kwenye simu: unaweka kidole juu ya kamera, tochi inawaka, unapata mapigo ya moyo na tansio. Kila asubuhi ni 118 kwa 76. Sasa papa anasema amepona, pesa ya vidonge tununulie samaki wa sambaza. Nimwambie nini? — Mama wa Kadutu, Bukavu*

Dada yangu, vidonge avimeze leo jioni kama kawaida, halafu ndiyo mzungumze.

Taabu ya simu hiyo ni kwamba nusu ya inayosema ni kweli. Mapigo inayaona. Kila moyo unapopiga, damu hujaa kidogo kwenye ncha ya kidole na kunyonya mwanga wa tochi. Kamera inaona mwanga ukipungua na kurudi, inahesabu. Mtu akitulia, hesabu hiyo hukaribia sana ile ninayopata mimi kwa vidole viwili juu ya kifundo cha mkono. Mtu mzima aliyepumzika huwa kati ya 60 na 100. Papa akiwa ametoka kupanda mlima, au mikono imetoka kwenye maji baridi, namba itaruka ovyo au isitokee kabisa. Na mpanguse kioo cha kamera. Simu ninazoletewa zina unga wa muhogo hapo.

Tansio ni jambo lingine. Ni nguvu ya damu inaposukuma kuta za mishipa, na mashine huipata kwa kuubana mkono kwa mkanda, kisha kuulegeza polepole. Tochi haibani kitu. Mtu anaweza kuwa na mapigo 72, matulivu kabisa, na tansio 180 kwa 110. Huko Marekani watafiti wa chuo kikuu cha Johns Hopkins waliipima programu moja ya namna hiyo iliyokuwa imenunuliwa sana. Matokeo yalitoka 2016: kati ya watu 10 wenye tansio ya juu, karibu 8 waliambiwa wako salama. Hata saa za Samsung zinazotoa tansio hudai zirekebishwe kwa mashine ya mkanda kila siku 28.

Mwambie kijana aweke kamera juu ya nyanya iliyoiva, tochi ikiwaka. Programu ikitoa tansio ya nyanya, papa ataifuta mwenyewe. (Ikiikataa nyanya, bado haijawa mashine ya tansio.)

Kisha aende kituo cha afya kwenye mashine ya mkanda. Akae dakika 5, mgongo umeegemea, miguu isipishane, mkono wazi juu ya meza usawa wa moyo, na siasa aziache nje mpaka amalize kupimwa. Wakipata 118 kweli, huenda ni dawa zinazofanya kazi, kwa hiyo asizikate. Kama kinachomkera ni bei, na mimi nadhani ndicho, amwambie daktari waziwazi. Daktari anaweza kutafuta dawa ya bei nafuu, lakini si kama mgonjwa anajificha.

*Mtoto wangu wa miezi 8 anakohoa, anapumua mbio. Kuna programu ya kupima pumzi? — Bagira*

Unayo tayari: saa ya simu. Mtoto akiwa ametulia au amelala, asinyonye, mfunue kifua na tumbo. Hesabu kila tumbo linapoinuka kwa dakika nzima. Usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, maana pumzi ya watoto haiendi sawasawa. Wa umri wake, miezi 2 hadi 11, akifika 50 ni mbio mno. Chini ya miezi 2 ni 60. Kuanzia mwaka 1 hadi 5 ni 40. Akifika hapo, au nyama chini ya mbavu inazama akivuta pumzi, au anakataa ziwa, usingoje jibu la gazeti. Mpeleke kituo usiku huohuo.

*Kifaa changu cha kubana kidole kinasema oksijeni 95, simu ya rafiki yangu inasema 99. Niamini ipi? — Kijana wa Goma*

Kifaa. Kina taa mbili, nyekundu na infraredi isiyoonekana kwa macho, na hulinganisha jinsi damu inavyozinyonya. Tochi ya simu haina hiyo ya pili. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Huko juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo 95 si ajabu. Lakini utafiti uliotoka Marekani 2020 ulionyesha kuwa vifaa hivi huwapa watu weusi namba nzuri kuliko hali yao mara nyingi zaidi kuliko weupe. Kwa hiyo ukihema ukiwa umekaa tu, nenda hospitali hata kama kinasema 95. Na kabla ya kukipachika, ondoa verni kwenye kucha.