Kwa nini klarineti haipandi kama saksafoni?

Swali: Msomaji wa Tabora, mpiga saksafoni katika bendi ya kanisa, amepewa klarineti. Akipiga Do ya chini, kisha akabonyeza kitufe cha kidole gumba cha kushoto, hapati Do ya juu bali Sol. Anauliza kama chombo ni kibovu, na awasikilize wapigaji gani.

Jibu: Ndugu msomaji, chombo chako ni kizima. Bomba la saksafoni hupanuka kidogo kidogo kuanzia shingoni, na kitufe cha namna hiyo huufanya mtetemo uwe wa kasi mara mbili, yaani oktevu: noti ileile, lakini juu zaidi. Lakini bomba la klarineti lina upana karibu uleule kwa sehemu kubwa ya urefu wake, na kwa kuwa upande wa ridi (kijiti chembamba kinachotetemeka mdomoni) ni kama umezibwa, hewa iliyomo huruka moja kwa moja hadi kasi mara tatu, ndiyo Sol iliyo juu ya oktevu.

Taabu kubwa iko katikati, pale sauti za chini zinapokutana na za juu, unapotoka Si bemoli, ambayo hupigwa karibu vidole vyote vikiwa vimeinuliwa, kwenda Si, ambayo hudai karibu matundu yote yazibwe kwa mara moja. Saksafoni ina vifuniko. Hapa anayeziba ni nyama ya kidole chako. Inua kidole ukitazame: ikiwa duara la tundu halijachapika lote kwenye ncha, hewa inavuja.

Kuhusu wapigaji, mimi ningeanza na Barney Bigard wa bendi ya Duke Ellington, katika "Mood Indigo" ya mwaka 1930, ambamo klarineti huimba chini kabisa, chini ya tarumbeta na tromboni. (Hii ni jazi ya Marekani, si muziki wa dansi wa Tabora Jazz tulioukuta kwa wazee wetu.) Sauti hizo za chini ndizo alizozipenda mpiga klarineti Anton Stadler, ambaye Mozart, mtunzi wa Austria, alimtungia koncheto (muziki wa chombo kimoja kikiongoza okestra) mwaka 1791 kwa klarineti iliyorefushwa ili ishuke zaidi. Sabine Meyer wa Ujerumani ameirekodi koncheto hiyo kwa chombo cha aina hiyo, na anapovuka pale katikati husikii kiungo.

Benny Goodman, mpiga klarineti wa Marekani, alisimama pande zote mbili, ya jazi na ya akina Mozart: mwaka 1938 alipiga jazi katika ukumbi wa Carnegie, New York, na mwaka huohuo akarekodi kwinteti (muziki wa wapigaji watano) ya Mozart. Hata hivyo, akiwa tayari na jina kubwa, alikwenda kujifunza upya kwa Reginald Kell, mpiga klarineti Mwingereza, akabadili hata namna ya kushika chombo mdomoni.

Ukishamsikiliza Bigard, msikilize Meyer anavyovuka pale katikati, kisha piga Si bemoli na Si polepole, mara kumi kila jioni, bila kukata pumzi kati yake.