Hicho kitabu cha GRE cha soo tatu, angalia mwaka kwanza

Juzi kwa matatu ya Githurai dogo fulani ameketi kando yangu ametoa kitabu cha GRE, ule mtihani wa kuombea masters ng'ambo, kinene kama tofali, karatasi zimegeuka rangi ya chai, anakaza macho kwa zoezi la antonimi, yaani maneno ya kinyume. Antonimi jameni! Nikamuuliza umetoa wapi, akajibu ametabasamu, "Tom Mboya, pale kwa kuinama, soo tatu tu." Nilishuka na hasira na si yake, ni yangu ya kitambo. Wadogo zangu, sikizeni.

1. Angalia mwaka wa kuchapwa kabla utoe pesa. Cha kabla ya Agosti 2011 ni mtihani mwingine kabisa. Cha kuanzia hapo hadi Septemba 2023 ni huu huu ila umenyolewa, ulikuwa karibu saa nne sasa ni saa moja na dakika 58, na insha ya Argument, ile ya kuchambua hoja ya mtu, ilitolewa, imebaki ile ya Issue, ya kutoa msimamo wako, dakika 30.

2. Yangu sasa. 2013, nina kitabu cha 2005 nilichorithi kwa binamu, najiona mjanja nimeokoa pesa. Nikakata manila kadi 600, mbele garrulous nyuma kinyume chake taciturn, nazifunga na raba, nakariri kwa foleni ya Thika Road mpaka konda ananiita mwalimu. Mama alizipata chini ya mto akadhani nimeanza karata, nikaombewa. Siku ya mtihani sikuona antonimi hata moja. Naona sentensi ina pengo, chagua maneno mawili yanayoleta maana sawa, na mimi miezi mitatu nimefunza akili kutafuta kinyume tu! Kuja hesabu, kitabu kilisema ukiruka swali huwezi kurudi, basi nikang'ang'ana na swali la 6 dakika nane nzima, kumbe kuna kitufe cha kuliweka alama urudi baadaye. Mwisho skrini ikaandika Quant, yaani hesabu, 147. Kitabu changu kilikuwa kinahesabu mpaka 800, kwa hivyo nikainua mkono nikamwita msimamizi, "Madam, mashine imekwama, haijamaliza kuandika." Akaniangalia vile unaangalia mtu anaulizia nauli ya ndege kwa stage ya matatu. Mwisho ni 170, akasema, polepole, kwa huruma.

3. Usikitupe lakini. Asilimia, aljebra, pembetatu na yale maswali ya kulinganisha Quantity A na B bado yapo, fanya yote. Maneno pia soma, ila ndani ya sentensi.

4. Futa majibu ya mwenye kitabu wa kwanza. Wa kwangu alikuwa ametia tiki C kila mahali na nilimwamini, sijui kwa nini.

5. Kuna PowerPrep mbili za bure, mitihani ya mazoezi ya ETS wenye GRE, moja iweke ya wiki ya mwisho. Jina la kujisajili lifanane na la paspoti.

6. Nyinyi wa GMAT, ule mtihani wa shule za biashara, msicheke, Sentence Correction (kusahihisha sentensi) na jiometri zilitoka na lile toleo jipya la Focus, la Novemba 2023, na bado naona watu wanazikesha.

Dogo wa matatu, ukurasa uliokunja pembe ukunjue. Na kama lazima ukariri vinyume, kadi zangu 600 bado ziko chini ya kitanda, na raba yake.