Kabla hujabeba kopo la gula kwenda kwa watu

Mdogo wangu mmoja anayesoma Valencia, Hispania, kaniandikia: "Dada, nimealikwa chakula cha mkesha wa Krismasi. Dukani nimeona kopo la gula, euro nne tu. Nikibeba hilo si nitaonekana wa maana?"

Nilicheka peke yangu jikoni, halafu kicheko kikakatika. Kopo hilo nilishalibeba.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili Bilbao. Tangu Novemba kazini hawakuwa na hadithi nyingine ila angula, yaani vitoto vya mkunga, vyembamba kama tambi na havizidi urefu wa kidole. Mkunga huyu wa Ulaya huzaa mbali kabisa, bahari ya Sargasso, na vitoto husafiri kuvuka Atlantiki mpaka kwenye midomo ya mito, ambako Wabaski, wenyeji wa huko Bilbao, tangu zamani wamekuwa wakivingojea usiku na taa na nyavu. Siku hizi ni wachache mno. Tangu 2008 mkunga huyo amewekwa kundi la viumbe walio karibu kabisa kutoweka. Ndiyo maana ikifika Krismasi kilo moja ya angula inaweza kufika euro 1,000 na kupita.

Sasa mimi, mtoto wa Tanga niliyekulia sokoni kwa samaki, naingia dukani naona kopo limeandikwa "gulas", na picha ya nyuzi nyeupe zenye mgongo wa kijivu. Nikajua ni kifupi tu, kama sisi tunavyosema Dar. Nikanunua makopo matatu. Moyoni nasema, hawa watu hawajui kutafuta bei.

Nilipofika kwa mwenzangu wa kazini nikatangaza mlangoni, tena kwa sauti: nimeleta angula! Wakaniangalia kwa heshima mpaka nikaona haya. Zikapashwa moto, zikaletwa kwenye bakuli la udongo, mafuta yanachemka, vitunguu saumu vinanukia. Mama yake, bibi wa miaka themanini na kitu, akachukua moja kwa uma wa mbao, akaiinua usawa wa miwani yake, akaigeuza huku na huku.

"Macho yake yako wapi, binti?"

Angula wa kweli ana macho mawili, vidoa vyeusi kama ncha ya sindano. Gula haina macho kwa sababu haijawahi kuwa kiumbe. Meza nzima ilicheka, na shemeji mtu mmoja pale akaanza kuniita Bibi Gula. Ananiita hivyo mpaka leo, na mpaka leo sijaona la kuchekesha.

Nilirudi nyumbani nikasoma kibandiko cha kopo mstari kwa mstari, kazi niliyopaswa kuifanya dukani. Gula ni surimi, ufundi wa Kijapani. Minofu ya samaki mweupe, mara nyingi poloki wa Alaska, husagwa na kuoshwa kwa maji mpaka harufu na ladha yote iishe. Huongezwa sukari kidogo ili nyama ile isiharibike ikigandishwa, ute wa yai ili ishikane, kisha hukamuliwa mashineni kuwa nyuzi. Ule mgongo wa kijivu ni wino wa ngisi! Zilianza kuuzwa Hispania mwanzoni mwa miaka ya 1990, na walioziuza ni wafanyabiashara wa angula wenyewe, walioona mito inakauka mali.

Basi hasira ikanifanya niwe fundi. Nilizipika kwa tui la nazi, zikawa uji mtamu usioelezeka, maana sukari ile ya ndani na nazi vilishikana mikono. Nikazipika kama dagaa wa kukaanga, zikawa raba. Mara ya tatu nilifanya kama Wabaski wanavyofanya, nikajifunza: chuja mafuta ya kopo, tia mafuta mazuri ya zeituni kwenye kikaango, kaanga vitunguu saumu vilivyokatwa duara na pilipili kavu mpaka vianze kuwa rangi ya dhahabu, zima moto, ndipo umwage gula na uzigeuze dakika moja. Basi. Ndimu kidogo juu, ingawa Mbaski akikuona atanuna. Mimi huzila kwa wali mweupe, na yai la kuvuruga zinakwenda vizuri pia. Uma uwe wa mbao, kwa sababu wa chuma unachoma mdomo na nyuzi zinateleza.

Wasioweza ngano au mayai, soma kibandiko. Wanaotafuta halali, soma kibandiko, mvinyo hujificha kwenye viungo. Ukikuta neno "sucedáneo", ujue unauziwa kibadala. Hata yale mayai meusi ya samaki kwenye vichupa vidogo, ya bei ya kutupa, mengi si kaviari bali ni mayai ya samaki mwingine yaliyotiwa rangi. Nimesema soma kibandiko? Soma kibandiko.

Na wadogo zangu, tuacheni hii tabia ya kutaka kuonekana. Tunafika ugenini tunabeba vitu tusivyovijua kwenda kwa wanaovijua, kisha tunashangaa wakicheka. Gula haina kosa lolote. Ni chakula safi na inawapumzisha mikunga waliobaki. Kosa lilikuwa mdomo wangu pale mlangoni.

Kwa hiyo, wa Valencia, nunua makopo mawili. Moja lipike kwako wiki hii, ujue linavyokwenda. La pili libebe, na ukifika sema ni gula kabla hujavua koti. Mwaka jana nilimpelekea yule bibi gula zangu, nimezipika mwenyewe. Alikula sahani mbili, akaniambia utotoni mwake angula zilikuwa chakula cha watu wa kawaida tu, na kwamba vitunguu vyangu vilikuwa vimeungua kidogo.

Havikuungua.