Kabla Hujapiga Lipu ya Chokaa, Jifunze Kungoja

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Tanga aliniandikia kwamba lipu ya chokaa aliyoipiga kwenye nyumba ya marehemu bibi yake inabanduka, na kila akipitisha kiganja ukutani kinatoka cheupe. Nilicheka, kisha nikaona aibu, kwa sababu kiganja hicho nakijua.

Ukuta wangu wa kwanza ulikuwa wa barazani, katika nyumba yetu ya Mji Mkongwe, Unguja. Miaka ya nyuma ulikuwa umepigwa lipu ya saruji, na unyevu wa mawe ya matumbawe ukakosa pa kutokea, chumvi ikajikusanya ndani mpaka saruji ikaachana na jiwe. Mimi nikajitia ujuzi. Nilinunua chokaa ya tanuri, iliyochomwa kwa magogo ya minazi, nikaizima kwa maji asubuhi, na jioni ileile nikaichanganya na mchanga niliouzoa pwani. Ilikuwa kaskazi, jua kali. Siku ya pili ukuta ulikuwa umekauka, nami nikawaita majirani waje kuutazama. Siku ya nne nyufa zilikuwa zimetapakaa kama utando wa buibui. Mwashi mmoja mzee wa mtaani aliuwekea mkono, akautazama mkono wake, akajifuta kwenye kikoi, akaondoka bila kusema neno. Afadhali angenitukana.

Chokaa haishiki kwa kukauka. Jiwe la chokaa likichomwa kwa nyuzi 900 hivi hupoteza hewa ya ukaa; chokaa ikishazimwa na kupakwa, huivuta tena hewa hiyo kidogo kidogo mpaka irudie ujiwe wake, na kazi hiyo hutaka unyevu. Kwa hiyo mara ya pili niliiloweka pipani miezi mitatu, ikiwa imefunikwa na maji wakati wote, mpaka ikawa laini kama samli iliyoganda. (Unapoizima, tia chokaa kidogo kidogo ndani ya maji, wala usiimwagie maji, kwani huchemka na kuruka, na jicho halina spea; vaa miwani.) Nilichekecha mchanga wa bara usio na chumvi, ndoo tatu kwa ndoo moja ya chokaa, nikaulowesha ukuta, nikapaka matabaka membamba, kisha nikatundika magunia mabichi kwa wiki mbili. Ukuta huo umeshapita masika matatu. Mwashi yule alifariki kabla hajauona.

Vijana wenzangu, ngojeni. Tunajivunia milango ya nakshi na madaka ya mababu, halafu tunataka fundi amalize kabla ya Ijumaa! Ngojeni pipani, ngojeni baina ya tabaka na tabaka, ngojeni chini ya magunia.

Nawe dada wa Tanga, kwangua yote mpaka kwenye jiwe, usipake juu ya ungaunga huo. Chokaa ilowekwe pipani leo. Fundi utamtafuta baadaye.