Kutoka foto za harusi mpaka foto za basoda: ukitaka hii kazi, soma kwanza

Watu wananiulizaka sana nilifika je kwenye foto za jeshi, wanangoja niseme ilikuwa ndoto tangu utoto. Hapana kabisa. Mimi nilikuwa mutu wa harusi, komunyo na foto za pasipoti pale Birere, mutaa wa Goma, Congo. Mwaka 2013, vita iko pande za Mutaho na Kibati, karibu kabisa na mji, Goma yote inaimba jina la kolonele Mamadou Ndala, kamanda wa jeshi la Congo mwenye alikuwa anapigana na waasi wa M23, ndio ofisa mumoja mwenye nilipigaka foto harusi ya mudogo wake akanipigia simu: tunatafuta mutu wa foto, hauogopi? Nikamwambia ninaogopa, akasema njoo hivyo hivyo.

Kwa hiyo wewe unayepiga harusi, usizarau kazi yako. Pete inavalishwa mara moja, na kamanda akipeana mukono na wazee wa kijiji ni mara moja vilevile, hauwezi kumwambia rudia mukubwa. Hata mwanga ni hesabu ileile, ila kichwa chini: nguo nyeupe ya bibi harusi inadanganya aparei ya foto na foto inatoka giza, udongo mweusi wa lava kule Kibati unaidanganya kwa upande mwingine, foto inatoka nyeupe sana, basi punguza mwanga kidogo mwenyewe. Na wakati wa kiangazi ile vumbi inaingia kila fasi, usibadilishe objektifu (lenzi ya aparei) inje, badilisha ndani ya gari vioo vimefungwa.

Sasa kitu yenye hakuna mutu alinifundisha harusini: nguo. Mwandishi wa habari raia, Protokoli ya kwanza ya 1977, yenye inaongezea mikataba ya Geneva juu ya sheria za vita, kifungu 79, inamuhesabu raia na inamulinda. Ukivaa uniforme na grade (cheo), wewe ni soda, hata kama mukononi uko na aparei tu, adui anaweza kukulenga na sheria haimukatazi. Katikati kuna yule anafuata jeshi na kibali chao bila kuwa soda, huyo akikamatwa anahesabiwa mufungwa wa vita. (Najua, hizo karatasi ziliandikwa kwanza kwa vita ya nchi na nchi, na vita ya kwetu watu wanabishana bado ni ya aina gani.) Uliza siku ya kwanza, mimi ninaingia kama nani? Wakikujibu "tutaona", usipande gari.

Wafungwa pia. Mukataba wa tatu wa Geneva wa 1949, kifungu 13, unakataza kumuweka mufungwa mbele ya watu wamuangalie kama sinema. Kamanda atataka sura, juu sura inaonyesha ushindi. Piga mikono, piga mgongo, piga silaha zimepangwa chini, halafu umuelezee kwa heshima, wengi wanasikiaga, mwenye hasikii mwache akasirike.

Lejande, yale maandishi ya chini ya foto, andika usiku uleule: jina, grade, fasi, tarehe. Usiandike "muasi" kama haukuona silaha. Mimi naona lejande ni muhimu kuliko objektifu ya bei, foto nzuri yenye lejande ya uongo inaua mutu kijijini kwao.

Zima lokalizasio (GPS), kwenye simu na kwenye aparei. Foto inabebaka ndani yake fasi na saa ilipigwa. Ukituma WhatsApp kama foto ya kawaida hizo habari zinatoka, lakini vijana wanatuma kama dokima (document) ili isiharibike, na hapo zinaenda zote, position ya basoda imeshafika kwa kila mutu.

Ya mwisho, mbele ya kusaini: foto zitakuwa za nani? Mara nyingi ni za jeshi. Omba kwa maandishi ubakie na kopi za zile haziko za operesheni, maparade, hospitali, chakula, juu bila hizo utaenda kutafuta kazi kwingine na mikono mitupu.