Kuacha kuapa unapouza: anza na bei, si na ulimi

Bwana Yesu asifiwe dada. Umesema unauza vitenge pale sokoni Mgandini, mteja akikaza bei unaapa "haki ya Mungu nimenunua elfu 18" ilhali umenunua elfu 14, na umeshatubu sana bila kubadilika. Tena kuna mteja uliyemuuzia doti yenye kasoro ukiiita nzima.

Kwanza angalia kiapo kinatoka wakati gani. Mara nyingi ni pale mteja anapouliza bei ya kununulia. Hulazimiki kuitaja! Mjibu, "Hiyo siitaji mama, ila kwako ni elfu 20." Kunyamaza si kudanganya.

Neno jingine la hatari ni "mwisho." Ukisema mwisho elfu 20, mteja akageuka ukamwita kwa elfu 18, umeshasema uongo hata bila kuapa. Asubuhi kabla ya kufungua, andika daftarini bei ya chini ya kila doti, na "mwisho" ulitamke kwa bei hiyo tu. Mathayo 5:37 inadai ndiyo iwe ndiyo, na Zaburi 15:4 inamsifu mtu asiyegeuza neno lake hata likimtia hasara. Na hasara itakuwepo mwanzoni, wengine wataondoka. Waache waende.

Yule wa doti mtafute. Walawi 6:5 ilidai kurudisha mali pamoja na sehemu ya tano: kama ulizidisha 5,000, rudisha 6,000. Mwonyeshe kasoro ilipokuwa, na usianze kueleza jinsi biashara ilivyokuwa ngumu siku ile.