Jibu: Yale maua mekundu ya Tower of London

Ndugu, umeuliza kama yale maua mekundu yaliyopangwa mwaka 2014 kwenye Tower of London, ngome ya kale jijini London, yalikuwa halisi na fedha zake zilikwenda wapi. Hayakuwa halisi. Yalikuwa popi (maua mekundu ya kuwakumbuka askari waliokufa vitani) za udongo, zilizotengenezwa kwa mkono moja moja, zikachomwa tanuruni, zikapakwa rangi nyekundu inayong'aa na kusimamishwa juu ya vijiti vya chuma. Ndiyo maana hakuna mbili zilizofanana kabisa, na kwangu huo ndio uzuri wake mkubwa, kwa sababu kila ua lilisimama badala ya askari mmoja wa Uingereza na makoloni yake aliyekufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Jumla yake ni 888,246.

Msanii ni Paul Cummins, na mpangilio ulibuniwa na Tom Piper. Watu wa kujitolea walianza kuyachomeka kwenye handaki la ngome Julai 2014, na la mwisho likawekwa Novemba 11. Kila siku wakati wa magharibi yalisomwa majina ya baadhi ya waliokufa, kisha tarumbeta ikapigwa.

Kila ua liliuzwa pauni 25, na mapato yakagawiwa mashirika sita ya hisani yanayosaidia askari na familia zao. Sehemu mbili za kazi hiyo zilihifadhiwa na kuzungushwa miji mbalimbali ya Uingereza hadi 2018.